Askari Ahamiapo Nchi ya Mbali

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: uhamisho, mwenyeji, ushahidi, imani. Tutakutana nayo katika somo, na mwisho tutayarudia.

Leo tunazungumza juu ya kijana aliyeingia kazi ya polisi, akapewa kituo cha mbali sana na kwao. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mimi ni mkulima. Mambo ya polisi yanihusu nini?" Yakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, askari ni mtoto wa mtu. Leo au kesho barua ya uhamisho yaweza kufika nyumbani kwako, na mwanao akakuomba shauri. Pili, kila askari mgeni hufika kwa watu. Ikiwa hakutoka kwako, huenda akaletwa kwako. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili pande zote mbili, upande wa mgeni na upande wa mwenyeji.

Mfano wetu tutautoa Kenya, katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Tuseme kijana wetu kwao ni Kakamega, nchi ya mvua nyingi, mahindi na miwa. Amemaliza mafunzo katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Sasa ni konstebo. Ana mke, na ana mtoto mmoja aliyeanza shule. Anapokea barua, anaifungua, anasoma. Ataripoti kazini katika kituo kidogo kaskazini ya Lodwar, mji mkuu wa Turkana.

Anakwenda kwa mama yake kumwarifu.

"Mama, nimepelekwa Turkana."

"Turkana! Umefanya kosa gani, mwanangu?"

Swali la mama lina historia. Wakati wa ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Serikali ya Waingereza iliwapeleka huko watu iliotaka wasahauliwe. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya, alihukumiwa mwaka 1953, akafungwa Lokitaung hata mwaka 1959. Baada ya hapo akawekwa Lodwar hata mwaka 1961. Basi, wazee wengi walikua wakisikia majina hayo kama majina ya kifungo. Ndiyo sababu mama anauliza juu ya kosa.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kijana akienda Turkana akiamini ameadhibiwa, naye atawaadhibu watu atakaowakuta. Atahesabu siku. Atamjibu mzee kwa ukali. Atamwona kila mchungaji kuwa sehemu ya adhabu yake. Tena watu wa huko wataliona jambo hilo siku ya kwanza, wala hawatamwambia neno. Askari asiyeambiwa neno ni kama kipofu mwenye bunduki.

Kwa hiyo jibu lililo zuri kwa mama ni hili: "Sikufanya kosa, mama. Huko nako kuna watu, nao wanahitaji polisi kama sisi."

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 926,976 katika Turkana. Nairobi, mwaka huo huo, ilikuwa na watu 4,397,073. Lakini ukubwa wa nchi ni kinyume. Turkana yapita kilomita za mraba 68,000, na Nairobi yapata 700 tu. Maana yake, Turkana yapata mara mia moja ya Nairobi kwa ukubwa, na watu wake hawafiki robo ya watu wa Nairobi. Fikirini jambo hilo kwa macho ya askari. Mjini, mtu akipiga kelele, jirani husikia. Huku, mtu aweza kutembea mchana kutwa asikutane na mtu.

Nchi ni kavu. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 200 tu. Mchana joto hufika nyuzi 35 za sentigredi na kupita. Watu wengi wa Turkana ni wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe na punda. Hufuata majani na maji. Wengine ni wavuvi katika Ziwa Turkana, na wengine wanalima kando ya mto Turkwel. Ng'ambo ya mpaka kuna Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Kakuma kuna kambi kubwa ya wakimbizi, iliyoanza mwaka 1992.

Haya, tumekwisha kuiona nchi. Sasa turudi Kakamega, nyumbani kwa kijana wetu, kwa sababu hajaondoka bado. Mkewe ana duka dogo la nguo sokoni. Mtoto yuko shuleni. Je, wote waende? Au aende peke yake?

Katika jambo hili hakuna jibu moja lifaalo nyumba zote. Lipo kosa moja tu, nalo ni kuondoka bila kuzungumza. Yafaa mume na mke waketi na karatasi. Upande mmoja waandike fedha zitakazoingia: mshahara, na ile posho wanayopewa watumishi wa serikali walio katika mazingira magumu. Upande wa pili waandike fedha zitakazotoka. Nyumba mbili ni kodi mbili na vyungu viwili. Nauli nayo iandikwe. Kutoka Kitale kwenda Lodwar ni kiasi cha kilomita 300, na kituo chake ki mbele ya Lodwar. Duka la mke nalo liandikwe, maana likifungwa, fedha yake haiingii tena.

Kisha waandike maswali ya kumwuliza askari aliyepata kukaa kule, au mkuu wa kituo kwa simu. Nitayasoma polepole, ili mpate kuyaandika.

La kwanza: Je, kuna nyumba ya polisi, au ni kupanga?

La pili: Maji ya kunywa hutoka wapi, na wakati wa kiangazi je?

La tatu: Shule ya karibu iko umbali gani, na zahanati je?

La nne: Simu hushika mtandao, au hadi upande kilimani?

La tano: Kituo kina gari? Gari likiharibika, watu hufanyaje?

La sita: Barabara hukatika miezi gani?

Mke wa kijana wetu anayasikiliza majibu. Kisha anasema, "Baba Amani, nenda kwanza wewe. Kaa miezi mitatu. Ukiniambia maji yapo na shule ipo, mimi na mtoto tutakuja mwisho wa muhula. Ukinificha, nitajua."

Maneno ya mama huyu ni ya akili. Hakusema "siji." Wala hakuondoa duka lake kwa maneno matupu. Lakini mume akienda peke yake, na aijue hatari ya upweke. Jioni ni ndefu. Pombe iko karibu, na marafiki wa pombe hawakosekani po pote. Askari mlevi katika kituo cha watu watatu ni hatari kwa wote watatu. Basi, na apange siku ya kupiga simu nyumbani, na siku ya kutuma fedha. Tangu mwaka 2007 watu wa Kenya wanatuma fedha kwa simu, na jambo hilo limewaponya wengi walio mbali. Apangapo, asivunje. Mtoto anayengoja simu ya baba kila Jumapili huihesabu kama chakula.

Sasa kijana amefika. Afanye nini siku za kwanza?

Kwanza, ailinde afya yake. Anywe maji ya kutosha, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Alale ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria ipo hata katika nchi kavu. Kuna na ugonjwa wa kala-azar, unaoletwa na visubi wadogo. Homa isiyoisha haifai kungojewa nyumbani. Usiku asitembee bila taa na viatu, kwa ajili ya nyoka na nge. Tena, awe na hadhari na laga. Laga ni mto mkavu wa mchanga. Mgeni huuona ukiwa mkavu, akasimamisha gari katikati, au akalala humo kwa sababu ya kivuli. Mbingu juu yake ni nyeupe. Lakini mvua imenyesha milimani, mbali, na maji yanakuja kwa nguvu kama ukuta. Mwenyeji hujua. Mgeni na aulize.

Pili, ajifunze kusalimu. Lugha ya watu wa Turkana si Kiswahili. Vijana wengi na watu wa mijini wanakijua Kiswahili, lakini wazee wengi wachungaji hawakijui. Semeni pamoja nami salamu yao: Ejok. Tena: Ejok. Na mwitikio wake: Ejok noi. Vema. Maji wanayaita ng'akipi. Maneno matatu hayo hayatoshi kuandika maelezo ya shahidi, lakini yatosha kumwonyesha mzee kwamba mgeni huyu amekuja na masikio.

Tatu, ajulikane kwa wakubwa wa mahali. Aende kwa chifu na kwa naibu wa chifu. Aende kwa wazee, ambao huketi chini ya mti wao, mti wa wanaume, wakizungumza mambo ya mji. Awaone na kina mama. Wao ndio wachotao maji, mara nyingi kwa kuchimba mchanga wa laga, na katika njia ya maji huona mengi. Mwanamke akiwa na shitaka lake, huenda asilitaje mbele ya mti wa wanaume. Na ajue polisi wa akiba. Hao ni wenyeji wanaojitolea, na sheria ya polisi ya mwaka 2011 inawatambua. Wanajua kusoma nyayo katika mchanga kama sisi tunavyojifunza kusoma kitabu hiki.

Sasa tupime mambo haya kwa mfano. Tuseme asubuhi moja mama mmoja anafika kituoni. Mbuzi wake 11 hawapo. Anasema ameona vijana wawili wakipita jana jioni. Kwa mfugaji, mbuzi 11 ni maziwa ya watoto, ni ada ya shule, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Tena ni hatari ya vita, kwa maana ndugu zake wakienda kulipiza kisasi, jioni itahesabiwa maiti badala ya mbuzi. Wizi wa mifugo katika sheria ya Kenya ni kosa kubwa. Waweza kumfunga mtu hadi miaka 14.

Konstebo mwenye haraka anashika bunduki, anakwenda boma la karibu, anakamata vijana wawili wa kwanza aliowaona. Matokeo yake ni nini? Huenda si wao. Wenyeji wa boma lile wanahama usiku, na mashahidi wanahama nao. Mbuzi hawarudi. Mama amekosa mali yake, na askari amekosa watu wake.

Konstebo mwenye busara huandika kwanza. Anafungua Kitabu cha Matukio, ambacho watu hukiita OB. Anaandika siku, saa, jina la mama, idadi ya mbuzi, rangi zao, na alama zilizokatwa masikioni, kwa kuwa wafugaji huwatambua wanyama wao kwa alama. Anampa mama namba ya OB. Kisha anamwambia mkuu wa kituo, anampigia chifu simu, na anafuata nyayo pamoja na wenzake na polisi wa akiba. Nyayo zinawafikisha kwenye kisima. Hapo wanapatikana mbuzi 8, na kijana mmoja. Mbuzi wana alama zile zile zilizoandikwa. Huo sasa ni ushahidi.

Akimkamata kijana huyo, askari wetu ana sheria ya kufuata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoifahamu. Yasema ana haki ya kunyamaza. Yasema afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Ikiwa saa 24 zinaisha wakati mahakama imefungwa, basi afikishwe kabla siku ya mahakama inayofuata haijaisha.

Tufanye hesabu. Mtu amekamatwa Jumanne, saa nne asubuhi. Saa 24 zaisha lini? Jumatano, saa nne asubuhi. Mwingine amekamatwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Saa 24 zaisha Jumamosi, saa kumi alasiri. Jumamosi mahakama haikai. Basi afikishwe Jumatatu, kabla mahakama haijafungwa. Sasa tieni ndani ya hesabu hiyo gari moja, barabara ya mchanga, na mahakama iliyo mbali, Lodwar au Kakuma. Mnaona kazi? Mjini, saa 24 ni nyingi. Katika kituo cha mbali ni chache sana. Ndiyo sababu askari hana budi kuwa na ushahidi mkononi kabla ya kumkamata mtu, kama hakuna hatari inayomlazimisha. Akikamata kwanza na kutafuta baadaye, saa zitamshinda. Hapo atajaribiwa kumweka mtu ndani kinyume cha sheria, au kumpiga ili akiri haraka. Na hayo mawili ni uhalifu uliovaa kofia ya polisi.

Jambo jingine ni mkalimani. Kama askari hajui lugha, atatafuta mtu wa kumfasiria. Na aangalie mtu huyo ni nani. Kama ni ndugu wa mwenye mbuzi, au adui wa aliyekamatwa, maneno yaweza kupindwa njiani. Na maelezo yakiisha kuandikwa, yasomwe tena kwa sauti, kwa lugha ya msemaji, kabla hajatia sahihi au alama ya dole gumba. Wanafunzi wangu, hapa mwaona kwa nini tunakuja darasani jioni baada ya kazi. Dole gumba la mtu asiyejua kusoma hukubali cho chote kilichoandikwa juu yake. Mwenye kusoma huuliza, "Mbona hapa umeandika mbuzi 18, nami nilisema 8?"

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Tumesema askari ajenge imani kwa wenyeji. Lakini je, imani maana yake ni kukubali kila waombalo?

Tuseme mwezi wa tano wa kukaa kwake, binti mmoja amenajisiwa. Wazee wanakutana. Wanaamua kwamba jamaa ya mkosaji itoe mifugo kwa baba wa binti, na mambo yaishe. Mzee anayekuja kituoni kuomba hivyo ndiye yule yule aliyemkaribisha konstebo siku ya kwanza, akamwonyesha kisima, akamfundisha njia.

"Mwanangu," mzee asema, "wewe umekuwa mtu wetu. Tuachie jambo hili."

"Mzee wangu," konstebo ajibu, "mbuzi waliopotea, na ugomvi wa malisho, nitaketi nanyi chini ya mti. Hili la binti siwezi. Nikilifunga hapa, nitakuwa nimemwambia binti yule kwamba serikali haikumwona."

Jibu hilo lina msingi katika sheria. Katiba ya Kenya, kifungu cha 159, yakubali njia za jadi za kupatanisha watu. Lakini yaziwekea mpaka. Njia hizo zisivunje haki za binadamu, wala zisiende kinyume cha uadilifu na sheria. Wazee waweza kupatanisha jamaa mbili zisipigane. Makosa ya kumnajisi mtu, au ya kuua, yana mahakama yake. Binti apelekwe hospitali upesi, kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya ushahidi, na maelezo yake yaandikwe mbali na macho ya wanaume waliokusanyika.

Mzee atakasirika? Huenda. Huenda siku kadhaa mtu asimwite konstebo kunywa chai. Lakini kila mama aliye na binti atakuwa amesikia habari ile. Imani ya namna hii huchelewa kuota, lakini mizizi yake ni mirefu.

Vivyo hivyo juu ya zawadi. Mgeni akipewa maji au maziwa, si vizuri kukataa. Lakini akiletewa mbuzi na mtu mwenye kesi, mbuzi yule ana kamba ndefu, na ncha ya pili ya kamba imo mkononi mwa aliyemleta. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya hongo yamkamata mtoaji na mpokeaji wote wawili. Askari aseme asante, na mbuzi arudi na mwenyewe.

Tusifiche kwamba kazi hii ina hatari. Mwezi wa Novemba, mwaka 2012, askari walitumwa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, katika Kaunti ya Samburu iliyopakana na Turkana. Walikwenda kurudisha mifugo iliyoibwa. Walishambuliwa bondeni, na zaidi ya 30 waliuawa. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliotoka mafunzoni karibuni. Tunawakumbuka kwa heshima. Ushujaa hawakuukosa. Lakini bonde lina njia zake na vilima vyake, na aliyezaliwa humo humshinda aliyefika jana. Kwa hiyo konstebo mpya asione haya kusema, "Hapa sipajui. Tungoje mwenye kupajua." Na mkuu wake asimwone mwoga kwa kusema hivyo.

Sasa nageukia upande wa pili niliowaahidi, upande wa mwenyeji. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Askari mgeni aweza kuwaponya, ikiwa nanyi mtamsaidia. Mwambieni mapema jambo linapoanza, msingoje damu. Mwonyesheni njia na visima. Mkipeleka shitaka, ombeni namba ya OB na kuihifadhi. Msimpe hongo, kwa kuwa askari mkiisha kumnunua leo, kesho atanunuliwa na adui yenu kwa bei kubwa zaidi. Na kama askari amewatendea vibaya, semeni kwa mkuu wake. Kenya iko pia mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iitwayo IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mtu ye yote aweza kuiandikia. Barua ndogo yatosha: siku, mahali, jambo lililotendeka, na jina la shahidi. Nanyi sasa mnajua kuandika barua.

Basi, tukusanye tuliyojifunza. Kijana akihamia mbali, azungumze kwanza na watu wa nyumbani, waandike hesabu na maswali. Akifika, alinde afya yake, asalimu, asikilize. Aandike kabla ya kukamata. Ahesabu saa zake. Asome maelezo kwa sauti. Ajenge imani, wala asiinunue kwa kuiuza sheria. Katika nchi pana yenye askari watatu, bunduki tatu haziwezi kuwalinda watu wote wale. Wanaolindana ni watu wenyewe, na askari ni mmoja wao mwenye sheria mkononi. Wasipomtaka, hana kazi. Wakimwamini, nchi nzima ina macho.

Nawatakia masomo mema, wanafunzi wapenzi. Mwalimu wa darasa, endelea nao. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Uhamisho: kupelekwa kufanya kazi mahali pengine.
Mwenyeji: mtu wa mahali; kinyume cha mgeni.
Ushahidi: maneno, alama au vitu vinavyoonyesha kweli ya jambo.
Imani: kumtegemea mtu kwamba atatenda haki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mama alimwuliza mwanawe amefanya kosa gani?
2. Mke wa konstebo alitoa shauri gani? Wewe ungetoa lipi?
3. Mtu amekamatwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Saa 24 zaisha lini?
4. Mambo gani yafaa kumalizwa na wazee, na yapi hayafai? Toeni sababu.

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi kwa kijana wako aliyepata uhamisho wa kwenda mbali. Mpe mashauri matatu. Usisahau tarehe juu, na jina lako chini.